Maswali ya Wasomaji: Kila Karani Aingie Kwenye Seva kwa Jina Lake

Miongoni mwa barua zilizotufikia safari hii zimo nne kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi ambazo, ingawa waandishi wake hawajuani, zote zinauliza jambo moja: seva inayohifadhi mafaili ya ofisi inamtambuaje mtu anayebisha hodi? Tunaanza na ile ndefu kuliko zote, kwa sababu jibu lake litatufaa pia katika zile tatu zinazofuata.

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Newala. Ofisi yetu ina kompyuta tano za Windows na seva ndogo ya mfumo wa Linux yenye programu ya Samba, inayoziwezesha kompyuta za Windows kufungua mafaili ya seva hiyo, ambayo fundi kutoka Mtwara mjini alitufungia ili mapokezi ya korosho, orodha za malipo na barua za chama zikae mahali pamoja. Wote tunaingia kwa jina moja, "ofisi", na neno la siri ambalo limebandikwa ukutani. Msimu huu kilo za mkulima mmoja zilibadilika katika faili la mapokezi na hakuna aliyejua ni nani aliyezibadili. Meneja ameagiza kila mtu awe na jina lake. Nimefungua akaunti tano kwenye Linux kwa amri ya useradd na kuziwekea maneno ya siri kwa amri ya passwd. Nikikaa mbele ya seva yenyewe zinakubali, lakini Windows inazikataa zote ikidai kwamba jina au neno la siri si sahihi. Nimekosea wapi? — *Karani, Newala*

JIBU: Ndugu Karani, ulichokifanya ni sahihi ila umekifanya nusu. Seva yako ina daftari mbili za watu, nawe umeandika katika moja tu. Unajua kwamba mkulima aliyesajiliwa katika rejista ya chama hawezi kulipwa kwa sababu ya rejista hiyo peke yake. Sharti mzigo wake uwe umepimwa na kuandikiwa stakabadhi. Linux na Samba zinahusiana kwa namna hiyo hiyo. Daftari la Linux linasema kwamba mtu fulani yupo na mafaili fulani ni yake. Daftari la Samba ndilo linalotumika kumhakiki mtu huyo anapokuja kwa njia ya mtandao kutoka Windows.

Wengi huuliza kwa nini daftari lisiwe moja, na swali hilo ni la haki. Linux haihifadhi neno la siri lenyewe, bali huhifadhi heshi, yaani alama inayopatikana kwa kulisaga neno hilo kwa hesabu isiyorudi nyuma, baada ya kuchanganywa na tarakimu za bahati nasibu. Windows nayo hutumia heshi, lakini ya aina nyingine kabisa. Mtu anapoingia kutoka Windows, neno lake la siri halisafiri kwenye waya: seva humpelekea fumbo, kompyuta yake hulijibu kwa kutumia heshi ya neno la siri, na seva hulinganisha jibu hilo na lile ililolikokotoa yenyewe. Ili seva iweze kukokotoa, lazima iwe na heshi ya aina ile ile inayotumiwa na Windows, na hakuna njia ya kuipata kutoka kwenye ile ya Linux, kwa kuwa unga uliokwisha kusagwa haurudi kuwa mahindi. Ndiyo maana neno la siri hulazimika kuandikwa tena, mara hii kwa Samba:

smbpasswd -a halima

Amri hiyo itakuomba neno la siri mara mbili, kisha itamwingiza Halima katika daftari la pili. Ukitaka kuona ni nani wamo, andika pdbedit -L, na bila shaka leo utakuta humo jina moja tu, "ofisi". Utaratibu ni kwamba akaunti ya Linux hutangulia, nayo ya Samba hufuata, kwa sababu kila faili litakaloandikwa lazima liwe na mwenyewe anayejulikana na Linux; ukijaribu kinyume chake smbpasswd itakataa. Kwa kuwa makarani wako hawana haja ya kukaa mbele ya seva yenyewe, ningekushauri uwafungie mlango huo kwa kuwapa akaunti za Linux zisizo na uwezo wa kuendesha amri, kwa useradd -M -s /usr/sbin/nologin, na wala huna haja ya kuwawekea neno la siri la Linux.

(Jina la Samba, kwa wanaodhani fundi alipenda ngoma za Brazil, lina asili nyingine. Andrew Tridgell wa Australia, aliyeanzisha programu hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, alihitaji jina jipya lenye herufi S, M na B, zinazounda kifupi cha itifaki (kanuni za mawasiliano) ya SMB ambayo Windows hutumia kushirikiana mafaili. Aliyatafuta maneno yenye herufi hizo katika orodha ya kamusi iliyokuwamo kwenye kompyuta yake, na Samba likawa mojawapo.)

Kumtambua mtu ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kuamua aguse nini, na hapa ndipo nimeona ofisi nyingi zikichoka njiani: zinatoa majina matano yenye maneno matano ya siri, kisha yote matano yanafungua kila kabati. Ninyi mna mambo matatu tofauti. Mapokezi yanawahusu makarani wa mizani na meneja; malipo yanamhusu mhasibu na meneja; barua zinaweza kusomwa na wote. Tengeneza kundi la Linux kwa kila moja, ingiza watu katika makundi yao kwa usermod -aG, kisha ligawie kila kundi folda yake kwa chgrp, inayobadili kundi la folda, na chmod 2770, inayoweka ruhusa zake. Ile tarakimu 2 ya mwanzo si pambo. Inafanya kila faili jipya lirithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeliandika, na ikikosekana utaanza kupokea malalamiko kwamba faili alilolifungua Halima asubuhi, mwenzake hawezi kulirekebisha mchana.

Baada ya hapo fungua faili la maagizo ya Samba, /etc/samba/smb.conf, na chini ya sehemu inayohusu folda ya mapokezi uandike:

valid users = @mapokezi
read only = no
guest ok = no
create mask = 0660
directory mask = 2770

Alama ya @ inamaanisha kundi, hivyo karani mpya akija hutagusa tena faili hili. Utamwingiza kwenye kundi tu. Endesha testparm ili kuhakiki kwamba hukukosea herufi, kisha smbcontrol all reload-config ili Samba isome upya maagizo bila kuwakatisha watu kazi. Elewa pia kwamba ruhusa za Samba na ruhusa za Linux hufanya kazi kwa pamoja, na kali kuliko mwenzake ndiyo inayoshinda: smb.conf ikisema mtu aandike huku folda yenyewe ikimkataza, hataandika.

Kabla ya kwenda kwenye kompyuta za Windows, jaribu papo hapo kwenye seva:

smbclient //localhost/mapokezi -U halima

Jibu likiwa NT_STATUS_LOGON_FAILURE, tatizo liko kwenye utambuzi: jina halimo katika daftari la Samba au neno la siri si lenyewe. Likiwa NT_STATUS_ACCESS_DENIED, kwa kawaida mtu ametambuliwa lakini haruhusiwi, basi kagua makundi na ruhusa za folda. Kutofautisha hayo mawili kutakuokolea siku nzima ya kubahatisha. Na kama umemwingiza mtu kwenye kundi sasa hivi na bado anakataliwa, mwambie ajitoe kwenye seva na kuingia upya, maana Samba husoma makundi ya mtu wakati anapoingia.

Kuna mtego mmoja ambao lazima niutaje, kwa sababu katika mifumo ya Debian na Ubuntu huja umekwisha tegwa ndani ya smb.conf. Ni mstari usemao map to guest = bad user. Maana yake ni kwamba mtu akitaja jina ambalo seva hailijui, hafukuzwi. Anapokelewa kimya kimya kama mgeni. Karani akikosea herufi moja ya jina lake ataambiwa hana ruhusa badala ya kuambiwa jina si sahihi, nawe utahangaika na ruhusa za folda ambazo hazina kosa lolote. Kwa kuwa ofisi yenu haina sababu ya kupokea wageni, badilisha mstari huo uwe map to guest = never.

Akaunti ya "ofisi" usiifute siku ya kwanza. Ifunge kwa smbpasswd -d ofisi na uliondoe lile karatasi ukutani. Ninakuambia ufunge badala ya kufuta kwa sababu mafaili yote ya zamani yameandikwa kwa jina hilo, nawe bado utahitaji kuona yalikuwa ya nani. Fanya hivyo hivyo kwa makarani wa msimu. Korosho zikianza kuingia ghalani mwezi Oktoba mnaongeza watu, na mnada wa mwisho ukipita wanaondoka; akaunti zao zifungwe siku wanayoondoka, zisisubiri mtu akumbuke. Anayerudi mwaka unaofuata hufunguliwa kwa smbpasswd -e na kupewa neno jipya la siri. Usimrithishe karani mpya akaunti ya aliyeondoka eti kwa kuwa kazi ni ile ile, maana hapo utakuwa umerudi kwenye "ofisi" kwa mlango wa nyuma.

Je, haya yatakuambia ni nani aliyebadili kilo za mkulima? Kwa zilizokwisha kubadilika, hapana. Kwa zijazo, kwa kiasi. Samba ina moduli iitwayo full_audit inayoweza kuandika katika kumbukumbu za seva ni nani aliyefungua, kubadili jina au kufuta faili, akiwa kwenye kompyuta ipi na saa ngapi, na ninakusihi uiwashe kwa folda za mapokezi na malipo. Lakini moduli hiyo inaona faili zima. Haioni kwamba katika safu fulani 412 imekuwa 142. Ikiwa makarani watatu wamefungua faili hilo la hesabu siku hiyo, utabaki na majina matatu, ambayo ni bora kuliko kutokuwa na jina lolote. Kwa hiyo faili la mapokezi la kila siku lifungwe jioni kwa kuhamishiwa kwenye folda ambayo makarani wanaweza kuisoma tu, na marekebisho ya siku iliyopita yafanywe na meneja peke yake. Stakabadhi ya karatasi aliyopewa mkulima itabaki kuwa shahidi wa pili.

Folda ya malipo ninaitilia mkazo wa pekee kwa kuwa ina majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo azilinde, na neno la siri lililobandikwa ukutani ni vigumu kulitetea mbele ya mtu yeyote. Nakala ya akiba ya daftari la Samba lenyewe, passdb.tdb, nayo itunzwe kama ufunguo wa kasha. Heshi zilizomo haziwezi kurudishwa kuwa maneno, lakini anayeziiba anaweza kuzitumia kujibu lile fumbo nililolieleza hapo juu bila kulijua neno lenyewe.

SWALI: Ninafundisha katika shule ya sekondari mjini Lindi. Tuna seva ya Samba ya maktaba ambayo kwa miaka mingi imekuwa wazi, yaani mtu anaingia bila jina wala neno la siri. Tumepokea laptopu mpya zenye Windows 11 na zote zinakataa kuifungua, wakati zile za zamani zinaingia bila shida. Mwenzangu amepata mtandaoni namna ya kuilazimisha Windows ikubali. Tuifuate? — *Mwalimu, Lindi*

JIBU: Mwalimu, msiifuate. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, Windows za Pro, Enterprise na Education zinadai kwamba kila ujumbe unaopita kati yake na seva utiwe sahihi, ili mtu aliye katikati ya njia asiweze kuubadili. Ufunguo wa kutia sahihi hiyo huzalishwa kutokana na neno la siri la anayeingia, na mgeni asiye na neno la siri hawezi kuwa nao. Kwa hiyo seva yenu haijaharibika, wala laptopu hazina kosa. Ile njia ya kulazimisha inaizima kinga hiyo katika laptopu nzima, na laptopu ya mwalimu haibaki shuleni. Itaunganishwa na mitandao ya watu wengine pia.

Wafungulieni walimu akaunti zao kama nilivyomweleza Karani wa Newala. Kwa kompyuta za wanafunzi ninaweza kuvumilia jambo ambalo kwake nimelikataa, nalo ni akaunti moja ya pamoja, mradi iwe ya kusoma tu. Acheni read only = yes katika folda ya vitabu, na muwataje walimu katika mstari wa write list, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kuandika; mwanafunzi atasoma, mwalimu ataongeza vitabu, na hakuna atakayehitaji kujua ni mwanafunzi yupi aliyefungua kitabu cha Jiografia. Mitihani isikae kwenye folda hiyo wala chini yake.

Kama zile kompyuta za zamani ni za Windows XP, nazo zina mwisho wake. Zinazungumza toleo la kwanza la SMB, lile lile ambalo kirusi cha WannaCry kilipitia mwezi Mei 2017 kikasambaa dunia nzima, na Samba yenyewe ililizima katika mipangilio yake ya msingi tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019. Mkikuta fundi ameliwasha tena ili kuzifurahisha kompyuta mbili za XP, mwombeni alizime.

SWALI: Nina duka la kuchapisha picha na kadi Mikindani. Kwenye seva nina folda ya kazi za wateja, ambayo kijana wangu huingia kwa jina lake, na folda ya hesabu ambayo ni yangu peke yangu. Nikitumia kompyuta yake na kujaribu kufungua hesabu kwa jina langu, Windows inanipa kosa namba 1219. Neno la siri ni sahihi kabisa. — *Mfanyabiashara, Mikindani*

JIBU: Neno lako la siri halina tatizo. Windows hairuhusu mtu aliyeingia kwenye kompyuta moja kuwa na majina mawili katika seva moja kwa wakati mmoja, na kijana wako alikwisha kutangulia. Fungua dirisha la amri, andika net use * /delete ili kukata miunganisho iliyopo, kisha uingie kwa jina lako. Kosa likirudi, huenda Windows imeyahifadhi maneno yake ya siri na inayatumia yenyewe bila kukuuliza. Amri ya cmdkey /list itakuonyesha yaliyohifadhiwa.

Wapo wanaokwepa kosa hili kwa kuiita seva kwa jina katika folda moja na kwa anwani ya IP katika nyingine, kwa kuwa Windows hudhani hizo ni seva mbili. Hila hiyo inafanya kazi, lakini kwako siipendi. Ukisahau kujitoa, kijana atakaporudi kwenye kiti chake atakuta hesabu zako ziko wazi. Jifungulie akaunti yako mwenyewe ya Windows katika kompyuta hiyo, uingie nayo unapoihitaji na utoke ukimaliza. Jina na neno la siri la akaunti hiyo vikifanana na vile vya Samba, hutaulizwa hata mara moja, kwa sababu Windows hujaribu kwanza kwa seva jina lile lile uliloingia nalo kwenye kompyuta.

SWALI: Mimi ni afisa TEHAMA katika ofisi moja mjini Mtwara. Seva yetu ya mafaili imeunganishwa na domeni, yaani mfumo unaotunza majina na maneno ya siri ya ofisi nzima katika seva kuu, hivyo watu hutumia majina yao ya domeni. Mara kadhaa, umeme ukikatika usiku na kurudi, asubuhi seva inawakataa watu wote, kisha baada ya muda inakubali yenyewe bila mimi kufanya lolote. — *Afisa TEHAMA, Mtwara*

JIBU: Siku itakapotokea tena, kabla ya kugusa kitu kingine chochote andika date kwenye seva na ulinganishe na saa ya seva kuu ya domeni. Domeni huwatambua watu kwa tiketi za Kerberos, yaani vibali vya muda vinavyotolewa na seva kuu, na kila tiketi ina saa yake. Tofauti kati ya mashine hizo mbili ikizidi dakika 5, ambazo ndizo kipimo cha kawaida, tiketi hukataliwa hata kama jina na neno la siri ni sahihi. Ninavyoshuku, betri ndogo ya saa iliyo ndani ya seva imekwisha, hivyo kila umeme unapokatika saa hupotea, na mambo hutengemaa pale seva inapofanikiwa kujirekebisha kupitia mtandao. Mara nyingi betri hiyo ni ya aina ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Ibadilishe, kisha uweke chrony, programu ya kurekebisha saa, kwenye seva na uielekeze ifuate saa ya seva kuu ya domeni badala ya saa za intaneti, maana intaneti yenyewe huenda ikachelewa kurudi asubuhi hiyo kuliko umeme.